Shikamoo Zilizokaa Bila Jibu

Zuhura mwanangu,

Miaka thelathini na moja nimekaa masijala nikipokea barua za watu, nikizigonga muhuri na kuzitia kwenye mafaili, na barua niliyoiheshimu ni ile yenye kichwa cha habari kilichopigiwa mstari: Yah., halafu jambo lenyewe. Hii haina. Tangu uliponiaga baada ya alasiri kwenda Misugusugu kumuaga shangazi yako, nimekaa nakitafuta kichwa hicho. Nimeandika "Yah: Safari yako ya Mbeya", nikafuta. Nimeandika "Yah: Nasaha", nikajicheka mwenyewe. Basi iende hivyo hivyo, wewe utajua faili la kuiweka.

Habari za sweta, za maji ya kuchemsha, na za kutomwachia mtu usiyemjua begi lako akushikie, nimemwachia mama yako. Ameshakueleza mara nne na kesho stendi atakueleza mara ya tano. Msikilize tu. Mimi nina kosa langu moja ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu siku ile tulipokwenda Marui, na sitaki uondoke kabla sijalisema.

Naandikia hapa kwenye meza ya kulia chakula, ile uliyoigeuza ofisi kwa miezi mitano. Vikaratasi vyako vya njano bado vimebandikwa ukutani, na mama yako amekataa visibanduliwe. Anasema vinampendeza. Mimi najua kwamba anajiandaa kukukosa, na kila mtu hujiandaa kwa namna yake.

Niache nianzie mbali, ingawa yote unayajua. Sisi wa Jumuiya ya Walezi tulikuwa na nia njema kabisa. Wastaafu na watu walioko kazini bado, wa hapa Kibaha na wa kule Kisarawe, tunajitolea kuwashika mkono vijana wanaoanza kazi: wauguzi, walimu, mafundi umeme, mabibi na mabwana shamba. Mama Mlay, mkunga mstaafu, mwenyekiti. Mimi, katibu. Na tovuti tukatengenezewa kama tulivyoagiza wenyewe. Ukiifungua unakutana na picha sita zinazopokezana: mgeni rasmi anakata utepe, mgeni rasmi anapokea shada, Mama Mlay na kitenge chake, mimi na suti ya siku niliyostaafu. Chini yake Neno la Mwenyekiti, halafu Neno la Katibu, aya nane. Nilizihesabu zile aya kwa fahari, nakuambia kweli.

Uliposema utaitengeneza upya, kwa kujitolea kama sisi, nilidhani utabadili rangi.

Ukatuita pale barazani kwa Mama Mlay. Ukatuamkia wote, ukakaa mkekani, na swali lako la kwanza likatukata maini. "Wazee wangu, mwaka uliopita ni vijana wangapi walipata mlezi kupitia tovuti hii?"

Tukatazamana. Nikasema, "Wanne."

"Watatu," akasema Mama Mlay. "Yule wa nne ni mpwa wangu, nilimjazia fomu mwenyewe."

Ukaeleza kwamba kijana anayefungua ukurasa wetu kwa simu, na bando lake la kubana, anamaliza bando kwenye picha za utepe kabla hajafika mahali pa kuomba msaada. Ukasema picha zote ziende nyuma. Nikauliza, kwa sauti yangu ile ya ofisini, "Na mgeni rasmi naye aende nyuma?"

"Naye, baba. Yeye hatafuti kazi."

Mama Mlay alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Ulipofika kwenye Neno la Katibu na kusema aya nane hazina msomaji, nilikunja uso, na jioni ile nikawa naomba chumvi kupitia kwa mama yako na hali wewe umekaa nayo mbele yako. Mama yako akanipa chumvi, akaniambia, "Baba Zuhura, hii ni tovuti, siyo mirathi." Nina miaka sitini na minne, na nilinuna kwa ajili ya aya nane.

Wiki iliyofuata ulikuwa unahamisha vitu kutoka tovuti ya zamani. Ukaniita. Kwenye sanduku la ujumbe ulikuwa umekuta folda niliyoipa jina mimi mwenyewe: Zisizo na Hoja.

"Baba, hizi ni nini?"

Nikakuambia ni za watu wanaochezea tovuti. Maana ndivyo nilivyoamini. Fomu yetu ilisema wazi: Eleza tatizo lako kwa ufupi, ambatisha wasifu, ambatisha barua ya utambulisho. Mtu anaacha yote hayo, anaandika neno moja tu, "Shikamoo", anatuma. Mwingine "Shikamoo mzee". Mwingine "Shikamooni wazazi wangu". Basi, hakuna zaidi. Barua isiyo na hoja masijala haina faili la kwenda, lakini mtu wa masijala hatupi karatasi, kwa hiyo nilizitunza. Zilikuwa sitini na kitu. Ulizisoma moja moja, na hukuniambia neno. Nikadhani umekubaliana na mimi.

Siku mbili baadaye ukasema twende Marui, kule Kisarawe.

Kuna mtu alikuambia habari za Rehema, bibi shamba mpya wa kule, msichana wa miaka ishirini na nne aliyepangiwa kazi akitokea chuoni moja kwa moja. Ulitaka kumtazama akiitumia tovuti yetu ile ile ya zamani, kwa simu yake, kwake. Nilishangaa: kumtazama tu? Ukasema ndiyo, ndivyo kazi inavyofanywa, unakaa pembeni na kumwangalia mtu anakwama wapi. Na tuliposhuka kwenye bodaboda, vumbi limetujaa, ukanigeukia. "Baba, kazi yako leo ni kunyamaza." Hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi ngumu kama ile.

Alitupokea vizuri yule binti. Alitukatia nanasi, akatandika kanga kwenye benchi ili suruali yangu isichafuke. Ulipomwomba atafute mlezi kwenye tovuti, akashika simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, akaanza. Zile picha alizipitisha kwa kidole taratibu, kwa heshima. "Hawa ni viongozi," akasema. Picha yangu mwenyewe ilipita mbele yangu bila yeye kugundua kwamba aliyevaa ile suti ndiye anayekula nanasi lake. Akafika kwenye fomu. Akasoma. Akasimama.

Kidole kilikaa hewani muda mrefu, nikashindwa. "Andika tu, binti, usiogope." Ukanitazama, nikarudia nanasi langu.

Akaandika neno moja. Akatuma. Kisha akaiweka simu magotini, akaifunika kwa mikono, akatulia.

"Mbona hujaendelea?" ukamuuliza.

"Naendeleaje, dada? Sijaitikiwa."

Alisema kwa kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba mlango umefungwa. Halafu akaongeza, "Hata mwaka jana nilifanya hivi hivi. Nilitoa shikamoo, nikasubiri. Nikasema labda wazee wana shughuli."

Zuhura, nimelelewa na baba aliyenifundisha kwamba huendi kwa mtu mzima na shida mkononi. Unabisha hodi, unaamkia, unasubiri. Akikuitikia, na akikuuliza habari za kwenu, ndipo shida inapata njia. Mimi mwenyewe nilikufundisha wewe hivyo, ukiwa huna hata meno ya mbele. Halafu nikaweka fomu inayosema eleza tatizo lako kwa ufupi, na waliokuja kwa adabu ile ile niliyoifundisha nikawaweka kwenye folda ya wasio na hoja. Kati ya watu wote wa dunia hii, mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Ukamuuliza mwaka jana alitaka kusema nini. Akaangalia chini. Akasema wakulima watu wazima wanamwita mtoto. Akiitisha mkutano wa mikorosho wanakuja watatu, na hao watatu wanakuja kuangalia kama ameolewa. Akasema barua ya kuacha kazi anayo ndani, ameshaichapa, bado kuipeleka tu. Akaingia akaileta tuione, na nilisoma kwa macho yangu: Yah: Kuacha kazi. Imepigiwa mstari. Ile ingefika kwangu nilipokuwa masijala, ningeigonga muhuri siku hiyo hiyo na kuipandisha kwa mkubwa, maana ilikuwa na kila kitu. Shikamoo yake ndiyo iliyokosa mahali pa kwenda.

Sikuweza tena kunyamaza, na safari hii hukunikataza. Nikamwambia, "Marahaba, binti."

Alicheka kwanza. Halafu akavuta ncha ya kanga, akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Wewe ukamsogelea. Mimi nikaangalia mikorosho ya jirani kwa sababu sikujua pengine pa kuangalia, na hapo ndipo ilipoanza kuniingia habari nyingine, ya karibu zaidi, ambayo si ya Rehema.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, likizo, nilikuwa nakuchukua twende wote ofisini? Unakaa chini ya meza yangu na karanga zako, na kazi ikipungua nakuruhusu ushike muhuri wa Imepokelewa. Siku moja ulijigonga viganja vyote viwili na magoti, ukaja nyumbani umepokelewa kila mahali. Mama yako alikusugua siku mbili. Nilikuwa nakusikiliza wakati ule. Ulikuwa unaniambia ndoto zako zote, hata zile ulizokuwa unazitunga hapo hapo. Sijui ni lini niliacha. Nadhani ni ulipoanza kukua na mimi nikaanza kuwa na mipango.

Sheria ilikuwa mpango wangu. Nilitaka wakili. Katika ofisi ile nilikuwa nawaona mawakili wakiingia, na sisi wa masijala tunasimama, nikasema wa kwangu siku moja atasimamiwa. Hilo nalo nilikosea, lakini wazazi wengi wanalikosea na watoto wanalivuka. Kubwa ni la jioni ile ya mwaka wako wa pili chuoni. Ulikuja Ijumaa bila kutuarifu kwamba unakuja. Ukasimama mlangoni pa sebule, begi bado begani. "Shikamoo, baba."

Nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari. Nikasema, "Marahaba," jicho langu kwenye televisheni. "Chuo hawajambo?" Na sikusubiri jibu, nikaongeza sauti.

Ulisimama pale. Sasa najua ulisimama, kwa sababu nakumbuka kivuli chako kwenye kioo cha kabati la vyombo. Taarifa ya habari ikaisha, michezo ikaanza, nikageuka kukuomba maji, ukawa umeshakwenda jikoni kwa mama yako. Jumapili ukaondoka. Miezi minane baadaye mtu akaniambia msikitini, baada ya swala, kwamba kijana wake hakuoni tena darasani, kumbe uliacha zamani, unakaa kwa rafiki, unajifunza kutengeneza tovuti. Nilirudi nyumbani na hasira ya kuumbuka, nikakupigia simu na kusema maneno ambayo sitayarudia hapa, na mwisho nikauliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Ukajibu, "Nilikuja, baba."

Nikakata simu. Nilidhani ni jeuri. Miaka mitatu nimeishi nikiamini kwamba binti yangu alinijibu jeuri. Ulirudi nyumbani, tukasalimiana kila asubuhi, tukala sahani moja ya Idi, na mimi nikaendelea kulishikilia lile neno kama kosa lako. Mpaka benchi la Marui. Rehema aliposema nilitoa shikamoo nikasubiri, hukunitazama. Ungeweza kunitazama, ilikuwa haki yako. Ulichukua kisu, ukaendelea kumenya nanasi, na nikaona mkono wako umeacha kukata kwa muda kidogo. Nilijua kwamba unajua.

Njia nzima ya kurudi hadi kituo cha Picha ya Ndege nilitaka kusema. Nikazungumzia barabara. Nikazungumzia bei ya mabati. Mwanaume wa kwetu akitaka kuomba radhi, anaweza kukueleza habari za mabati mpaka usiku uingie.

Basi nilifanya nilichoweza. Nikakuomba unifungulie ile folda, na kwa wiki mbili nilikaa hapa mezani nikiwajibu mmoja mmoja. "Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Haya, niambie." Uliniona, hukuniuliza kitu, uliniletea chai tu. Wengi hawakujibu. Wengine walisema walishapata njia, wakashukuru. Mmoja akaandika, "Nilikuwa na jambo la kukuuliza mzee wangu, lakini nimeshalisahau." Huyo alinikosesha raha kuliko wote. Ningependa anitukane.

Na tovuti yako mpya, Zuhura, sijakuambia vizuri kuhusu hiyo tovuti. Siku ya kuizindua nilisema "imependeza", nikachukua kofia yangu nikaondoka. Niseme sasa. Ukurasa wa kwanza hauna uso wa mtu. Una kisanduku kimoja kimeandikwa Salimia kwanza, na mtu akisalimia, ujumbe unakwenda kwa mlezi kwenye simu yake, na mlezi haruhusiwi kuuliza lolote kabla hajaitikia. Fundi gani angefikiri hivyo? Mtu aliyewahi kusimama mlangoni, huyo ndiye angefikiri hivyo. Nilipoliona hilo nilikwenda uani kunawa uso.

Halafu ukatutaka kila mlezi, badala ya kuandika vyeti vyake, aandike kosa lake la mwaka wa kwanza kazini. Kamati ilitaka kukimbia. Mama Mlay ndiye aliyetuaibisha kwa kuandika wa kwanza: alimfokea mzazi aliyekuwa akipiga kelele kwa uchungu, kumbe yule mama alikuwa anamwita yeye kwa jina aje amsaidie. Wengine wakafuata. Bwana shamba mstaafu uliyemkutanisha na Rehema aliandika kwamba alipalilia shamba la mfano akang'oa miche yote mbele ya wanakijiji. Nasikia Rehema alicheka sana aliposoma, na sasa wanakwenda wote wawili mashambani, mzee anatangulia kuamkia, binti anafundisha. Ile barua hajaichana. Lakini hajaipeleka.

Nafasi yangu ilibaki wazi. Umeiona kila siku na hukunisukuma. Nilikuambia sikumbuki kosa lolote la mwaka wa kwanza, na ulitabasamu vile mama yako anavyotabasamu. Leo nimeijaza, ingawa si ya mwaka wa kwanza, ni ya baada ya kustaafu. Nimeandika kwamba nilikuwa na folda ya salamu nilizodhani hazina hoja. Utaisoma ukiwa njiani, Mama Mlay ameshaipitisha.

Huko Mbeya kwenye kazi yako mpya utakaa na watu wengi, utawatazama wanakwama wapi, na utaijua kazi hiyo kuliko mimi. Sina la kukufundisha hapo. Ninajivunia wewe, neno hilo nimelisema kwa watu wote wa msikitini isipokuwa wewe, kwa hiyo nalisema hapa. Ninajivunia wewe, na nyumba hii itakuwa kubwa mno kuanzia kesho, na sijui nitamwomba nani chumvi.

Nasikia bodaboda inasimama nje, nadhani ni wewe umerudi. Utaingia, utaniamkia, na mama yako ataanza habari za sweta, na kesho stendi ni makelele matupu. Kwa hiyo nakupa hii mkononi, uifungue basi likishatoka.

Yaliyotokea baada ya ile Ijumaa ninayajua. Ulichokuja nacho mlangoni, kwa maneno yako mwenyewe, na begi begani, sijawahi kukisikia. Pengine umeshakisahau kama yule mwingine wa kwenye folda. Pengine bado kipo. Ukitaka kuandika, andika. Ukitaka kupiga simu, piga, na televisheni nitaizima. Ukitaka mwakani, nitakuwepo, Mungu akipenda.

Marahaba, mwanangu. Haya, niambie.

Baba yako